Nani Alilala Hapa Jana

Likizo ile chifu alinipa kazi kwa kuwa kijijini kwetu ni mimi tu niliyefika sekondari. Serikali inahesabu watu, alisema, na kijiji chenye watu wengi ndicho kitakachojengewa zahanati. Nyanya yangu ana kidonda mguuni. Kila akitaka kufungwa dawa tunampakia mtumbwini mpaka Garsen, naye hulalamika njia nzima kama tumemwiba. Zahanati niliitaka sana. Shida yangu ni moja: mbele za watu sauti hunikimbia.

Tulizunguka na karani kutoka Mombasa, kijana wa kaptura iliyopigwa pasi ikasimama yenyewe. Mimi niulize kwa Kipokomo, yeye aandike. Na swali lenyewe lilikuwa hili: "Nani alilala humu jana usiku?"

Nyumba ya kwanza alitoka bibi arusi wa jirani yetu. Niliuliza huku nikitazama vidole vyangu vya miguu. Akaangua kicheko, akamwita wifi yake: "Njoo umsikie huyu! Karudi kutoka shule, adabu kaziacha huko!"

Nyumba zilizofuata tulikuta vikongwe, au hatukukuta mtu. Mpunga ulikuwa umeiva, na mpunga ukiiva sisi hulala shambani, juu ya madungu, vichanja vyetu vya miti, tukipiga madebe kufukuza viboko na nguruwe. Karani akawa anaandika: hakuna, hakuna, hakuna.

Nyanya alikuwa mlangoni, mguu juu ya kigoda.

"Nililala mimi na kuku," alisema. "Mume wangu huyu alinikimbia, akaenda zake dunguni." Akaninyooshea kidole.

Kwetu nyanya humwita mjukuu mume. Karani hakulijua hilo. Aliniuliza kwa upole nimeoa lini.

Kisha akafunga karatasi zake. "Kijiji chenu kidogo. Zahanati itakwenda kwingine."

Nikamtafsiria nyanya. Hakutania tena. Aliushusha mguu wake taratibu, akanitazama.

"Bwana karani," nikasema, na sauti ikatoka kama ya jogoo anayejifunza, "watu wapo. Wanalala juu."

"Juu wapi?"

"Juu!"

Karani akatazama mawingu. Ikabidi nimshike mkono nimpeleke shambani.

Tulipanda dungu moja baada ya jingine, watu wakiandikwa, mpaka magharibi ikatukuta kwenye dungu la mjomba wangu. Hapo kiboko akatoka mtoni, akasimama chini ya ngazi, akaanza kula. Tulipiga madebe. Aliendelea kutafuna tu.

"Shuka, bwana karani," mjomba akasema. "Yeye hana neno na serikali."

Karani hakushuka. Alilala amebanwa katikati ya watoto wa mjomba, mmoja kamwekea mguu tumboni.

Kulipokucha kiboko alikuwa ameondoka, na pasi ya kaptura pia.

"Haya, msomi," mjomba akaniambia, "si una swali lako? Muulize."

Nilimtazama karani usoni. "Nani alilala hapa jana usiku?"

Alijikuna shingo, akachukua penseli, akajiandika chini ya watoto wa mjomba.

Juzi mbao na mabati ya zahanati yalishushwa hapa mtoni. Nyanya amekalia mbao, mguu kaunyoosha, na kila apitaye anaambiwa kuwa hiyo ni mahari aliyoletewa na mumewe.