Pumzi ya Damaris

Gisiri alikuwa seremala mjini Migori, na kazi iliyompa jina ilikuwa masanduku ya spika. Wenye baa na makanisa kutoka Rongo hadi Mbita walimwagiza. Nyumbani kwake alikuwa na radio ndogo tu, na kaseti moja aliyoithamini: kwaya ya kanisa lao, iliyorekodiwa mwaka 1993, mkewe Damaris akiongoza. Mwaka uliofuata Damaris alianguka shambani akafa. Daktari alisema ni moyo. Gisiri hakuwahi kumsikia akilalamika.

Kwenye radio ile sauti yake ilitoka kama ya mtu aliyefungiwa ndani ya debe. Gisiri alibadilisha spika mara nyingi, lakini wapi.

Mwaka 1996 Hamud, mwenye duka la radio karibu na msikiti, alimwita. Mhandisi mmoja wa barabara, Mjerumani, alikuwa amerudi kwao na kumwachia amplifaya, mashine ya kukuza sauti, nyeusi na nzito kama jiwe la kusagia.

"Fundi, hii si ya baa," Hamud alisema. "Haiongezi kelele. Inamleta mtu."

Gisiri alimtengenezea makabati ya duka zima, akaichukua.

Jumapili, baada ya ibada, aliiunganisha na radio yake na spika zake bora, akaweka ile kaseti. Kwanza alilisikia kanisa lenyewe: mabati yakilia kwa joto, benchi likisogezwa. Kisha Damaris akavuta pumzi, pale pale kati ya kiti na dirisha, akaanza kuimba. Gisiri alijikuta amesimama, kama anayetaka kumpisha akae.

Tangu hapo akawa anafunga karakana mapema. Mama mkwe wake alipokuja kutoka Ogwedhi, aliisikia sauti akiwa bado uani, akaitikia, "Nakuja, mwanangu." Halafu akakumbuka. Aliketi chini hapo hapo, na hakukubali kuingia.

Siku moja Gisiri alisikia kitu baada ya wimbo wa tatu, mahali ambapo radio ilikuwa ikitoa mchakacho tu. Damaris alinong'ona, "Milka, kifua kinanibana tena. Usimwambie Gisiri."

Na Milka, rafiki yake wa kwaya, akajibu, "Imba kwanza. Tutaongea baadaye."

Alirudisha kaseti, akasikiliza tena na tena. Kesho yake akamfuata Milka sokoni, alikouza dagaa wa omena.

"Shemeji, Damaris aliwahi kukuambia anaumwa?"

Milka aliweka chini gorogoro aliyokuwa akipimia. "Aliniambia. Nikamshika mkono, nikamwambia twende hospitali leo leo. Nilimsihi, shemeji. Akakataa kabisa." Machozi yakamlengalenga. "Nashukuru Mungu kwamba nilimsihi. La sivyo ningeishije?"

Gisiri alimtazama usoni, akaona kwamba anaamini kila neno.

"Asante, shemeji," alisema, akaondoka.

Baada ya wiki chache Milka alibisha mlangoni. Alikuwa amesikia habari za mashine, akataka kumsikia mwenzake.

"Radio imeila kaseti," Gisiri alimwambia. "Haifai tena."

Milka alisikitika, akaenda zake.

Gisiri bado aliicheza, akiwa amefunga madirisha. Wimbo wa tatu ukikaribia kwisha aliweka kidole kwenye kitufe cha kuzima. Mara nyingi aliwahi. Siku nyingine kidole kilikataa kushuka, na Damaris akanong'ona karibu na sikio lake kwamba Gisiri asiambiwe.