Kiatu Kilichokataa Kuvuka Mlango wa Ukweni

Naomba mcheke sasa hivi mmalize kabisa, maana nikishaanza sitaki mtu anikatishe: mimi, mtu mzima mwenye duka lake la mapazia na mazulia pale Mwembesongo, nimewahi kufika ukweni na kushindwa kuingia ndani kwa sababu ya kiatu cha mguu wa kulia, mbele ya mama mkwe, mbele ya mashangazi, mbele ya majirani na kuku wao, na kiatu chenyewe kilikuwa na soli ya zulia jekundu la ukumbi wa harusi. Haya, mmemaliza? Basi nisikilizeni, maana hii aibu ndiyo aibu pekee maishani mwangu ninayoisimulia kifua mbele.

Mambo yote yalianza na Konsolata. Konsolata anafundisha shule ya msingi huko Mafiga, alikuja dukani kutafuta pazia la ofisi ya walimu (nikamkatia refu kupita dirisha ili arudi kulipunguza, na alirudi), tukazoeana, tukapendana, tukafika mahali pa mimi kwenda kujitambulisha kwao Mlali. Baba yake hakuwa na neno. Lakini Konsolata ni Mluguru, na kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, kwa hiyo baba anaweza kukukubali hata asubuhi na jioni, mjomba mtu akikukataa umekataliwa. Na huyo mjomba, Mjomba Beatusi, alikuwa na utaratibu wake mwenyewe: mchumba hahojiwi sebuleni, anapelekwa mtoni kuvua samaki juu ya mawe.

"Aliyekutangulia aliteleza," Konsolata akaniambia.

"Nani huyo aliyenitangulia?"

"Achana na nani, Saimoni. Aliteleza, maji yakamchukua mpaka kwa akina mama waliokuwa wanafua, wakamtoa kwa kumrushia kanga. Aliondoka bila hata kuaga."

"Na mjomba alisemaje?"

"Alisema mtu asiyeweza kusimama hawezi kusimamia nyumba."

Sikulala vizuri, nawaambia ukweli. Mimi ni mtu wa Singida, mawe ya kwetu ni makavu, unakaa juu yake unakula karanga, wala hayana ule utelezi wa kijani unaoota kwenye mawe ya mto. Na Konsolata nilikuwa namtaka. Simaanishi kumtaka kwa maneno ya simu, nilikuwa namtaka hadi nikiona mwalimu yeyote na chaki mkononi moyo unaruka. Nikajiambia, Saimoni, huwezi kumpoteza mwanamke huyu kwa sababu ya utelezi, tafuta viatu.

Basi nikatafuta. Uani kwetu kuna sakafu ya saruji ya kufulia, iliyolainika kwa miaka ya sabuni, nikaimwagia maji na povu nikaifanya mto wangu. Nikaanza na gambuti, nikasimama vizuri, nikajisifu, nikapiga hatua, nikajikuta nimekaa. Nikaazima njumu za mpira kwa jirani, nikasema yale meno yatang'ata. Wapi, zinang'ata udongo, kwenye kitu kigumu zinapiga makelele tu kama mbuzi kwenye bati, nikaenda chini tena. Katambuga, vile viatu vya tairi la gari, vilinipa matumaini vikiwa vikavu, vilipolowa na povu vikanipeleka mpaka kwenye ndoo za mwenye nyumba wangu, Mama Zuhura.

"Baba, hiyo ni sala au ugonjwa?" Mama Zuhura akauliza kutoka dirishani.

"Ni posa, mama."

"Haya, Mungu akusaidie, ila ndoo zangu usizivunje."

Akili ilinijia dukani. Nilikuwa nafagia vipande vya zulia vilivyobaki baada ya kazi ya ukumbi mmoja, zulia lenye manyoya mafupi, magumu, nikamwaga maji bahati mbaya nikaona kipande kimeganda sakafuni hakisogei hata ukisukuma kwa mguu. Nikaruka! Nikachukua yeboyebo zangu, vile viatu vya plastiki vyenye matundu kila upande (maji yanaingia na kutoka, mguu haugeuki kisima), nikakwangua soli kwa msasa, nikapaka gundi ya fundi viatu, nikabandika zulia, nikakunja kingo juu kidogo, nikaviacha vikauke chini ya majora ya mapazia. Nilipovijaribu kwenye povu nilisimama. Nikaruka, nikasimama. Nikacheza, nikasimama. Mama Zuhura akapiga makofi. Rangi ilikuwa nyekundu, ndiyo, hiyo naikubali, lakini nikajiambia soli inakaa chini, nani ataiona.

Sasa sikilizeni uamuzi mdogo ulionimaliza. Siku ya safari nilipanda bodaboda kwenda Mlali, tukashuka njiani boda aweke mafuta, nikaona ukingo wa zulia mguu wa kulia umeachia kidogo kwa kusuguana na chuma cha kukanyagia. Mfukoni nilikuwa na supaglu, ile gundi kali ya kichupa, nimeibeba kwa tahadhari (tahadhari!). Mtu mwenye akili angevua kiatu. Mimi nikaona uvivu, nikainua mguu, nikaupachika juu ya goti, nikaminya. Kichupa kilikuwa kimekaa juani, gundi ikatoka yote kwa mkupuo, ikapita kwenye matundu ya kiatu, ikaingia ndani. Nikasikia ubaridi. Nikasema, aa, itakauka.

Ilikauka.

Tulifika. Watu wamekaa vizuri, mkeka umetandikwa, pilau inanukia, Konsolata amevaa kitenge ananiangalia kwa jicho la kuniombea. Nikaamkia, shikamoo baba, shikamoo mama, shikamooni, nikapokelewa vizuri, "Karibu ndani, baba." Mlangoni kuna viatu vya watu vimepangwa. Nikavua cha kushoto. Nikavuta cha kulia. Nikavuta tena, nikaona machozi, maana kilikuwa kinakuja na mimi.

Mnajua kwetu huku mtu haingii sebuleni kwa watu na kiatu, sembuse ukweni. Nikasimama pale kizingitini, mguu mmoja mtupu, mwingine na yeboyebo, natabasamu.

"Ingia, baba," mama mkwe akasema.

"Nashukuru mama, hapa pana upepo mzuri."

Wakatazamana. Shangazi mmoja akasema jambo kwa Kiluguru, wenzake wakaguna, na ingawa Kiluguru sikijui, kuguna hakuhitaji mkalimani: huyu mgeni wa mjini anadharau nyumba yetu. Konsolata alikuwa ameinamisha kichwa. Nikaona mambo yanaharibika, nikatoa uongo wa kwanza uliokuwa karibu, nikasema, "Samahanini wazazi, nina kidonda mguuni, nisingependa kuvua kiatu mbele yenu."

Lo! Kama kuna watu ambao huwezi kuwaambia una kidonda ni akina mama wa Mlali. Mmoja akakimbilia maji ya moto, mwingine chumvi, mwingine akaenda kuchuma majani, jirani akapiga kelele kwa jirani kwamba mchumba wa Konsolata mguu unaoza, uani kukajaa watu. Na mama mkwe wangu, kwa huruma tu, akaja na beseni akapiga magoti anishike mguu. Mkwe anishike mguu! Nikaruka nyuma kwa mguu mmoja, nikasema, "Hapana mama, hapana, nitalaaniwa," nikakanyaga jiko la kuku wa kuchoma, mkaa ukamwagika, kuku akabingirika mavumbini.

Hapo nikasikia sauti nyuma yangu, "Lete huo mguu."

Mjomba Beatusi. Mtu mfupi, mkavu, kofia ya kitambaa, fimbo ya kuvulia begani. Akanikalisha kwenye kigoda, akanyanyua mguu wangu juu kama mtu anayekagua kwato ya ng'ombe, na soli ikageukia uani kote, nyekundu, ya maua ya dhahabu. Watoto wakacheka kwanza. Kisha mashangazi. Kisha baba mkwe mwenyewe, hadi akajifuta macho.

"Kidonda kiko wapi?" Mjomba akauliza.

"Hakuna kidonda, mjomba. Kiatu kimeganda kwa gundi."

"Na hili zulia?"

"Niliogopa kuteleza mtoni, mjomba. Niliogopa kumkosa Konsolata."

Hakucheka. Akaniangalia, akaangalia soli, akaigusa kwa kidole. "Vaa na hicho kingine," akasema. "Twende."

Tukaenda, na uani kote kukatufuata, hakuna aliyetaka kukosa mwisho wangu. Mto ule pale juu unapita katikati ya mawe makubwa, meusi, yanang'aa utelezi. Mjomba akavua kandambili zake akatembea peku jiwe hadi jiwe, akageuka kuniangalia. Nikaweka mguu. Zulia likashika. Nikaweka wa pili. Likashika! Nikavuka jiwe la kwanza, la pili, nikafika pale alipo, nikasimama kama nguzo ya umeme, nikasikia kule ng'ambo kicheko kinapungua kidogo kidogo.

Tukavua. Mimi sikupata kitu (chambo changu kililiwa chote kwa heshima), lakini ndoana ya Mjomba ikakamatwa na kambale, na huyo kambale hakuwa mtoto. Fimbo ikapinda, Mjomba akavutwa, akapeleka mguu mbele kujiegemeza, mguu ukakuta utelezi ukaondoka. Nilimwona anaenda. Chini yake kulikuwa na maji yanayochemka kati ya mawe. Nikamdaka shati kwa mkono mmoja na mkanda kwa mwingine, uzito wote ukaja kwangu, na miguu yangu, jamani, miguu yangu haikusogea hata unywele. Mzee ananing'inia kwangu, na fimbo hajaiachia, anafoka, "Nishike, nishike, samaki huyo!" Nikamvuta yeye, yeye akamvuta kambale, tukaanguka wote watatu juu ya jiwe, tukiwa hai.

Vigelegele vilivyopigwa pale sijawahi kuvisikia hata harusini. Konsolata alikuwa analia na kucheka pamoja. Na mimi nikasimama juu ya jiwe, nikainua mguu wa kulia, nikawaonyesha soli nyekundu, safari hii kwa hiari yangu.

Tuliporudi nilikaa nje ya mlango, mguu kwenye beseni la maji ya moto, nikajisugua mwenyewe mpaka kiatu kikaachia, kikaondoka na kipande cha ngozi ambacho sikukidai. Nikaingia sebuleni peku kama watu wengine, nikala pilau na kambale, na hakuna aliyemtaja tena yule kuku. Tangu siku ile gundi sipaki kitu kikiwa mwilini mwangu, hata kifungo cha shati nakivulia shati, na kidonda sisingizii tena mbele ya akina mama, nimekoma.

Jioni naaga, nikavitafuta viatu vyangu mlangoni sivioni. Nikainua macho, nikamwona Mjomba Beatusi anazunguka uani, amevivaa, anakanyaga kwa nguvu, anajitazama visigino.

"Hivi vinabaki hapa," akasema bila kunigeukia. "Utavifuata siku utakayokuja na mshenga."

Nikatoka pale nakanyaga mawe ya njia peku, mguu unaniuma, nacheka peke yangu. Boda aliyenirudisha mjini akaniangalia miguu, akanihurumia, "Bro, wamekuibia viatu?"

"Wamenipa mke," nikamwambia. "Washa twende."