Sakafu ya Kuanikia Korosho

Mimi ni katibu wa karibu kila kitu hapa kwetu. Katibu wa kamati ya shule, katibu wa kamati ya maji, katibu wa kikundi cha kina mama cha kuzikana. Ukiwa mwalimu wa shule ya msingi kwenye mji mdogo kati ya Nachingwea na Ruangwa, na mwandiko wako ukawa unasomeka, basi umekwisha. Kwa hiyo wataalamu walipokuja kutuambia kwamba reli inapangwa kupita tena huku, na kwamba mji wetu utapata kituo, nilichaguliwa katibu wa kamati ya kituo kabla sijakaa vizuri kwenye benchi.

Nasema tena kwa sababu iliwahi kuwepo. Mkoloni aliijenga kwa ajili ya karanga, karanga zikamshinda, reli ikang'olewa mama yangu akiwa bado msichana. Kilichobaki ni tuta refu ambalo watu hulifuata wakienda mashambani, na kipande cha chuma kinachoning'inia pale shuleni. Nimekigonga miaka na miaka kuwaita watoto darasani.

Palikuwa na sehemu mbili za kuchagua. Ya kwanza ni uwanja ulio nyuma ya soko, ambao hauna mwenyewe, ila mvua ikinyesha unageuka bwawa. Mimi mwenyewe ndiye niliyelisema hilo la bwawa kwenye kikao cha kwanza, na nikaliandika. Ya pili ni pale kilipokuwa kituo cha zamani, kama kingepatikana. Kiongozi wa wataalamu, kijana mpole kutoka Dar es Salaam, alitueleza kwamba ardhi iliyokwisha kubeba garimoshi hupunguza kazi. Akatuomba tukamwonyeshe.

Hapo ndipo kichekesho kilipoanza. Kituo chenyewe kilikuwa kidogo, kibanda chake cha mabati kiling'olewa pamoja na reli, na waliokiona kwa macho wamebaki wachache. Kamati ikawazungukia. Kila mzee alionyesha shamba la mwenzake. Mmoja alisema kilikuwa ng'ambo ya bonde, kwa watu ambao anagombana nao hadi leo. Mwingine alituambia kilikuwa Matambarale, na Matambarale si hapa. Niliandika yote kwenye daftari, sikucheka.

Mama naye aliulizwa, nami nilikuwepo na kalamu yangu. Alikuwa anachambua mbaazi kwenye ungo, hakuinua macho. Akajibu kwa Kiswahili chake cha polepole, maana mawazo yake yote yako kwenye Kimwera: "Kilikuwa huko kwenye mteremko. Mimi nilikuwa mtoto, sikumbuki."

Nikaandika: hakumbuki. Mama yangu huyu, ambaye mpaka leo anakumbuka nani hakufika kwenye msiba wa baba na alijitetea vipi.

Shamba lake liko kandokando ya lile tuta. Huku kwetu ardhi hufuata upande wa mama, na hilo alipewa na mjomba wake alipoolewa, likiwa pori tupu. Mikorosho yote aliipanda kwa mkono wake. Ukimuuliza mkorosho wowote, atakwambia aliupanda akiwa na mimba ya nani. Hana kingine. Nyumba ni ya udongo, mbuzi huja na kuondoka, lakini akisema "mimi" anamaanisha lile shamba.

Katikati ya mikorosho kuna sakafu ya saruji, ndefu na nyembamba, imepasuka hapa na pale. Juu yake tumeanika korosho kila msimu tangu nipate akili. Sisi watoto tuliamini baba ndiye aliyeimwaga. Hakuna aliyetuambia hivyo. Tulimwona tu akiziba nyufa, tukajua ni yake. Ukizaliwa ukakikuta kitu kipo, huulizi kimetoka wapi.

Sasa, anayelima korosho anajua kwamba kabla hazijaanza kuanguka lazima ufyeke na kufagia chini ya kila mti mpaka udongo uonekane. Korosho ikiangukia kwenye majani imepotea. Tena ni aibu. Shamba likiwa halijafagiliwa, wapita njia huuliza kama mwenyewe anaumwa. Lakini mwaka ule mama aliniambia, "Mwaka huu tuache kwanza. Majani yakae." Nikadhani ni magoti yake. Nikamwonea huruma, nikamwambia apumzike.

Wiki hiyohiyo tukatangaziwa kwamba wataalamu watatembea shamba kwa shamba kufuata tuta. Nikaingiwa na haya. Wageni wote hao, tena wa serikali, wakute shamba la mama wa mwalimu limejaa majani? Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tulivyofundishwa. Jumamosi asubuhi, mama akiwa amekwenda Mnero kliniki kwa ajili ya hayo magoti, nilichukua jembe na ufagio nikaenda peke yangu. Nilifagia mti kwa mti. Nikafagia na sakafu, nikachimbua udongo uliokuwa umefunika ukingo wake wa upande wa tuta, nikaung'arisha. Mgongo ulikuwa unaniuma, lakini nilirudi nyumbani najisifu.

Mama aliporudi nikamwambia nimemfagilia. Akasema, "Haya, asante mwanangu." Akaenda kulala na jua halijazama.

Jumatatu wakaja. Yule kijana alimwamkia mama vizuri, akaitikiwa, akaanza kutembea na vipimo vyake. Alipofika kwenye sakafu alisimama. Akainama, akapapasa ukingo nilioung'arisha. Palikuwa na vichwa vinne vya nguzo za chuma vilivyokatwa usawa wa saruji, ambavyo mimi niliviona na sikuviwaza. Akatazama tuta, akatazama sakafu, akahesabu hatua zake toka mwanzo hadi mwisho.

"Bibi, hii sakafu aliijenga nani?"

Nikajibu mimi, kwa kujiamini kabisa: "Marehemu baba."

Kijana alinitazama kwa huruma. "Mwalimu," akasema, "hapa ndipo watu walipokuwa wanapandia treni."

Tulipobaki wawili, mimi na mama, nilimuuliza kama alijua. Akasema alijua, walikuwa wanauza mihogo ya kuchemsha palepale, yeye na bibi yangu. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia, mimi mtoto wake wa kumzaa.

"Wewe ni katibu," akasema. "Ningekwambia, ungeandika."

Ningeandika kweli. Hilo ndilo lililoniuma. Nilikwenda jikoni nikalia, nikijifanya ni moshi.

Kwenye kikao kilichofuata nilijaribu kuutetea uwanja wa sokoni. Mwenyekiti akaniomba kwa heshima nisome muhtasari wa kikao cha kwanza. Nikasoma maneno yangu mwenyewe kuhusu bwawa. Watu wakanyoosha mikono, nami nikaandika kwamba kamati imeridhia kituo kipya kijengwe pale pa zamani. Ni muhtasari safi, hauna hata neno moja lililokatwa. Mikorosho ikapigwa alama nyekundu ya kukatwa. Kuhusu fidia watu wamesema sana, mimi siisemi.

Tangu hapo mwaka umepita. Wataalamu wanasema watakuja kukata, mwezi hautajwi. Kituo nakitaka bado, siwezi kudanganya. Wanafunzi wangu hawajawahi kuona treni. Na mikorosho haijui kitu, imetoa maua kama kawaida.

Juzi nilimkuta mama amekaa kwenye ukingo wa sakafu, miguu inaning'inia upande wa tuta, majani yamejaa kila mahali. Alikuwa amekuja na ufagio. Akaninyooshea.

"Fagia."

"Mama, si wanakuja kuikata?"

"Ndiyo. Wageni wanakuja. Fagia kama ulivyofagia mwaka jana."

Nilianzia kwenye mti wa mbali, ule wa mimba yangu, nikaja mpaka kwenye sakafu. Nilipofika alipokaa hakusogea. Aliinua miguu yake tu, ufagio ukapita, akaishusha tena.