Kitalu cha Philomene

Philomene Kejick alizaliwa msimu wa mpunga, na watu wa kambi walisema ndiyo maana ulimi wake unawasha kama makapi. Njia ya maji aliijua kabla hajajua kutembea. Mama yake alimfunga kwenye ubao wa mtoto, akamlaza katikati ya mtumbwi, wakavuka Ziwa la Korongo, wakapanda maji ya kasi ya Meno Mawili, wakatokea Ziwa la Juu ambako mpunga humea wenyewe majini bila kupandwa na mtu. Huko nyumba yao ilikuwa na kitalu, kipande chao cha mpunga. Alipoolewa alikivuna pamoja na mumewe Isidore kwa miaka thelathini na moja: mume amesimama tezini, nyuma ya mtumbwi, na pondo lake refu la kusukumia, mke ameketi anayainamisha mashuke kwa fimbo moja na kuyapiga kwa nyingine, punje zikimwagika ndani ya mtumbwi.

Isidore akafa barafu ikiwa bado imeshika ziwa.

Sasa, Muojibwe yeyote, mwenyeji wa maji yale, anaijua sheria ya mpunga. Bibi mkuu wa mpunga akishatangaza siku ya kufungua, kila nyumba ivune kitalu chake siku hiyo hiyo, na mavuno yafike gatini kabla jua halijagusa misonobari. Nyumba isiyofikisha, kitalu chake hupewa wengine. Mtu mmoja hawezi kazi hiyo, wanatakiwa wawili. Na mwaka wa kwanza wa msiba, ndugu wa marehemu ndiye anayeshika pondo lake.

Ndugu mwenyewe alikuwa Ambrose.

Philomene hakuwa amempa Ambrose hata salamu kwa miaka tisa, tangu huyo alipowaongoza wavuvi wa kitalii hadi Ziwa la Juu, wakapita na mashua ya injini katikati ya mpunga wake, ukang'oka kama nywele za mgonjwa. Na mwaka huu, tanga la Isidore halijaanuliwa, Ambrose alikwisha kwenda kwa Bibi Madeleine, mkuu wa mpunga, kumwombea binti yake Rosina kitalu hicho hicho.

Alfajiri ya siku ya kufungua, nyasi zikiwa na jalidi, walikutana gatini.

"Umechelewa," alisema Philomene.

"Nilikuwa naomba dua unitangulie kaburini, shemeji. Naona haikupokelewa."

"Ingia. Na ukipinda kama ulivyopinda maisha yako, nitakuchapa na kafi."

Walikwenda hivyo hivyo. Kwenye Meno Mawili, Ambrose alijitwika mtumbwi wa turubai, akaupitisha nchi kavu kando ya maji ya kasi, Philomene nyuma yake na pondo na makafi. Si maporomoko ya kutisha yale. Ni ngazi ndefu ya povu na mawe, na watoto wa kambi huishuka wakicheka. Isidore alikuwa akiishuka na mtumbwi umejaa mpunga mpaka ukingoni, akipiga mluzi.

Kazi waliifanya vizuri, na hilo lilimuudhi Philomene kuliko matusi. Ambrose alisukuma taratibu, mtumbwi ukateleza kati ya mashuke bila kuyavunja. Mpiga mpunga huketi akimtazama msukumaji, kwa hiyo kutwa nzima macho yake yalikuwa kwenye uso ule wenye pua ya Isidore.

"Mpunga umezaa," Ambrose alisema mchana. "Rosina ataufurahia."

"Rosina atafurahia kukojoa ndani ya mtumbwi kama babake. Sukuma!"

Walipomaliza, mpunga ulikuwa umewafika magotini. Jua lilikuwa limeinama. Hapakuwa na muda wa kupakua na kubeba. Ilibidi kushuka Meno Mawili na maji.

Hapo ndipo wazo lilipomwingia Philomene. Akigeukia omo, mbele ya mtumbwi, hatamwona mtu wa nyuma. Mpinduko mmoja tu wa kiuno cha Ambrose, mpunga wote utakwenda na maji, na kesho Rosina ana kitalu. Philomene akabaki ameketi vile vile, mgongo mbele, macho kwenye mikono ya Ambrose.

"Geuka, mama. Mimi na lundo hili mbele yangu sioni mawe. Macho ni wewe."

"Macho yangu yana kazi. Yanakulinda wewe."

"Una wazimu? Geuka!"

"Jaribu kuupindua, nione!"

Maji yakawachukua. Philomene alikuwa bado anaitazama mikono ile, nayo ilikuwa inapiga kafi kwa uaminifu mtupu, jiwe lilipougonga mtumbwi nyuma ya mgongo wake. Mtumbwi ukakingama, ukalala, maji yakaingia, mpunga ukaanza kutoka kama mchanga.

Ambrose alikwisha ruka. Alisimama maji ya barafu yakimfika kiunoni, bega chini ya ukingo, meno yakigongana.

"Zoa! Usinitazame mimi, zoa!"

Philomene akazoa kwa blanketi, kwa sketi, kwa mikono. Nusu ilibaki.

"Ulidhani nitaupindua," alisema Ambrose walipofika maji matulivu. "Kitalu nakitaka, sikufichi. Lakini mpunga simwagi mimi. Si ndio niliokula tangu utoto?"

Philomene alishika kafi. Alikuwa ameshageukia mbele.

Jua lilikuwa kidole kimoja juu ya misonobari walipogusa gati. Bibi Madeleine alichungulia ndani ya mtumbwi, kisha akawachungulia wao, wamelowa.

"Nini kimewapata, wanangu?"

Ambrose alinyamaza. Alinyamaza kwa raha, na Philomene akaisikia raha ile: majira yote ya baridi angemdai ukimya huo.

"Mimi," akasema Philomene. "Niliketi omo nikayapa maji mgongo. Namlinda huyu."

Watu gatini waliguna. Mmoja akacheka wazi.

Bibi Madeleine akatazama jua. "Mpunga umefika. Kitalu ni chako. Aibu nayo ni yako, hiyo sigawi."

"Kwa hiyo mimi nimeganda majini bure!" Ambrose akafoka.

"Umeganda kwa ajili ya mpunga. Umesema mwenyewe." Philomene alishika kikapu, akamjazia gunia lake nusu kwa nusu, kama wa mtumbwi mmoja wanavyogawana, bila kumtazama.

"Mwakani utampata nani, shemeji, na hadithi hii ishatapakaa?"

Philomene alijua hatampata mtu. Alifunga gunia kwa fundo gumu, akamsukumia kifuani.

"Mwakani njoo mapema," alisema. "Na unawe uso. Nitautazama kutwa."