Nilivyoifuata Sifuri ya Komora Hadi Garsen

Sikwenda Garsen kutalii. Nilikwenda kumwonyesha mwanafunzi mmoja kwamba mwalimu ni mimi. Nalisema mapema hili ili usije ukaniona mtu mwema kabla hatujafika mbali.

Nafundisha jiografia ya mwaka wa kwanza katika chuo kimoja hapa pwani: mahali, mipaka, skeli, ramani, mito na tabia zake. Katika mtihani wa muhula uliopita niliwataka wanafunzi waeleze kijiji wanachokijua kiko wapi, kwa kukilinganisha na mto, barabara au mlima. Swali la bure kabisa, la kuwagawia watu alama. Komora, kijana mrefu wa Kipokomo anayekaa kiti cha nyuma, akaandika: "Kijiji chetu kilikuwa upande wa magharibi wa Mto Tana. Sasa kiko upande wa mashariki. Hakijahama." Basi, kaweka nukta. Nikampa sifuri juu ya kumi, na pembeni nikaandika kwa wino mwekundu kwamba vijiji havivuki mito.

Kwa sifuri ile Komora akapata jumla ya thelathini na nne. Kufaulu ni arobaini, na hiyo ilikuwa mara yake ya pili kulifanya somo hilo. Kwetu ukianguka mara mbili unatolewa kwenye jiografia, ukatafute fani nyingine ya kukupokea. Akakata rufaa. Mkuu wa idara akaniita.

"Madam, una ushahidi gani?"

"Nina ramani."

"Na yeye?"

"Ana bibi yake," nikasema, maana ndivyo ilivyoandikwa kwenye barua ya rufaa: bibi yangu yupo, aulizwe.

Mkuu alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akasema safari ya mafunzo ya mwaka huu iende huko huko, na nikirudi nimwandikie barua moja tu: sifuri ibaki au iondoke. Nilitoka pale nimefura. Miaka tisa nafundisha Mto Tana kwa picha za ukutani, leo nikamwulize ajuza!

Ijumaa, saa kumi na moja alfajiri, basi la chuo liliondoka na wanafunzi kumi na wanne. Ramani yangu niliipakata kama mtoto mchanga. Komora alikaa mbele karibu na dereva, na kila nilipomtupia jicho nilimkuta ametulia tuli. Utulivu wake uliniudhi. Mtu anayekaribia kufukuzwa hana haki ya kuonekana vile.

Malindi tulifika saa tatu, tukanunua mahamri na mbaazi, tukaendelea. Baada ya Gongoni nchi ikawa tambarare, vichaka na vumbi, ng'ombe mmoja mmoja barabarani wasio na haraka na mtu. Nikashika kipaza sauti cha basi nikatoa somo: mto ukifika nchi tambarare unakuwa mzee, unapinda huku na huku, unaacha maziwa yenye umbo la kwato. Mwanaidi, kiongozi wa darasa, msichana wa Kisauni asiyejua kunyamaza, akauliza, "Madam, wewe ulishawahi kuuona?"

"Nimeuvuka mara nyingi nikienda Lamu."

"Ukiwa macho?"

Basi zima likaangua kicheko. Wallahi, nilikuwa nikilala kila mara, lakini sikumwambia.

Garsen tulifika mchana, jua la kukaanga mayai. Tulikula wali na nyama ya mbuzi, tukapata vyumba katika nyumba ya wageni karibu na soko, na alasiri nikawakusanya uani. Nikatandaza ramani juu ya meza. Kijiji cha kina Komora ni kitone kidogo cheusi, na mstari wa buluu wa mto unapita mashariki yake. Sisi tuko Garsen, magharibi. "Mnaona?" nikasema. "Kesho tutafika bila kulowa ukucha. Kijiji kiko upande wetu. Komora, una la kusema?"

"Sina, madam. Lakini mje na ndara."

Jumamosi, saa mbili asubuhi, basi lilitufikisha mwisho wa barabara ngumu, tukashuka. Tulitembea saa nzima kwenye njia ya udongo mweusi, mashamba ya mpunga kulia, migomba kushoto. Watu waliokutana nasi walimsalimu Komora kwa Kipokomo, wakaniangalia mimi na ramani yangu, wakacheka. Mbele miti ikawa mirefu ghafla, na nikausikia mto kabla sijauona. Ulikuwa mpana, wa rangi ya chai ya maziwa, unakwenda mbio kimya kimya. Ng'ambo yake kulikuwa na mapaa ya nyasi na moshi wa jikoni.

Mtumbwi ulikuwa ukingoni, na mwenyewe, mzee mmoja mwembamba aitwaye Buya, akikomba maji kwa kopo.

"Karibu, mwalimu. Panda, tuvuke."

"Hatuvuki," nikamwambia. "Tunakwenda kijijini kwa kina Komora. Kiko upande huu."

Buya akageuka akayatazama yale mapaa ng'ambo, akanitazama mimi. "Basi kivute kije, mwalimu. Mimi nangoja."

Mwanaidi alikaa chini kwa kucheka. Nikaifungua ramani, nikaigeuza, nikaifunga. Nikapanda mtumbwi. Ulikuwa gogo moja lililochongwa, mwembamba, na kila nilipopumua ulipumua nami. Nilimwuliza Buya kama kuna mamba. Akasema wapo, ila asubuhi huwa wameshakula. Sijui alitania au la, nilifumba macho mpaka tukagusa udongo.

Lakini mimi si mtu wa kushindwa upesi. Nilipokanyaga nchi kavu tayari nilikuwa na hoja. "Komora," nikasema, "ramani imekosea, nakubali. Kijiji kiko mashariki ya mto. Basi kilikuwa mashariki tangu zamani. Kusema kilikuwa magharibi ndiyo hadithi yako." Kwa mara ya kwanza nikaona uso wake umebadilika. Nikajua kumbe ule utulivu ulikuwa wa nje tu, na nikaona haya kidogo, lakini kidogo tu.

Bibi yake, Bibi Haluwa, alitupokea mlangoni kwake akiwa na unga wa mahindi mpaka kwenye viwiko. Alitushika mikono sote kumi na tano, mmoja mmoja. Komora alimweleza kwa Kipokomo. Yule mama akaacha kutabasamu.

"Wewe ndiye unamfukuza mtoto wangu?"

"Simfukuzi, bibi. Nimekuja kuuliza. Kijiji hiki kilikuwa upande gani wa mto?"

"Njoo."

Akatangulia. Hakunawa mikono. Tukamfuata kupita kati ya nyumba, upande wa mashariki, mpaka mahali ardhi inapokatika ghafla. Pale kulikuwa na ngazi. Ngazi za udongo zilizochongwa ukingoni, kumi na moja, nilizihesabu, zimelika katikati kwa nyayo. Zilishuka, zikashuka, zikaishia kwenye shamba la mahindi.

"Hapa mimi nilichota maji tangu naolewa," alisema Bibi Haluwa. "Hapa nilifua nguo za baba yake Komora. Mto ulikuwa hapa. Magharibi ni sisi, mashariki ni mto. Shamba langu ni lile la ng'ambo. Kila siku mtumbwi, kila siku mtumbwi. Wifi yangu shamba lake lilikuwa upande ule mliotoka, alikwenda kwa miguu, ananicheka."

"Na sasa?"

"Sasa mimi naenda kwa miguu. Yeye anapanda mtumbwi wa Buya." Akacheka mpaka unga ukamwagika. "Hamsalimii Buya siku hizi."

"Kwani mashamba hamkubadilishana?"

Alinitazama kama niliyeuliza kama watu hubadilishana watoto. "Mto ukihama, shamba linabaki la mwenyewe. Mto ni mpita njia tu."

Nikauliza mto ulihamaje. Hapo hata Komora aliinamisha kichwa. Kumbe wanaume wa kijiji walichimba mfereji mdogo upande wa magharibi, wa kupeleka maji kwenye mpunga, upana wa mtu kuruka. Mvua zikaja za huko milimani, maji yakajaa, na mto ulipouona ule mfereji ukaupenda. Komora alikuwa darasa la tatu. Walilala mto uko mashariki, kwa siku chache ukagawanyika, kisha mkondo wa mashariki ukakauka, wakabaki nao magharibi.

"Nani alitoa shauri la kuchimba?" akauliza Mwanaidi.

"Mume wangu," akajibu Bibi Haluwa. "Mpaka anakufa alisema si yeye."

Nilishuka zile ngazi moja moja, nikasimama kati ya mahindi. Mwanaidi akafungua ramani kwenye simu yake, akapiga yowe: "Jamani, simu inasema madam yuko katikati ya mto!" Wote wakatoa simu wakanipiga picha nikizama kwenye nchi kavu. Nilicheka nao, lakini moyoni nilikuwa nimenyong'onyea. Kijana wa watu alibakiza hatua moja tu kupoteza masomo yake kwa sababu mimi nilikuwa nalala kwenye basi la Lamu.

"Komora," nikamwita, "mbona hukueleza? Mistari mitatu tu, mfereji, mafuriko, ngazi, ningekupa kumi zako."

"Madam, kwetu kila mtu anajua."

Bibi yake alimgeukia kwa ukali ambao sijawahi kuuthubutu darasani. "Hukueleza? Mgeni atajuaje? Nilikulea bubu?" Kisha akaniuliza mimi, "Utampa ngapi?"

"Nane, bibi. Mbili nakata kwa kutoeleza."

Akafikiri, akatikisa kichwa. "Kata. Ni haki."

Tulikula kwake wali na kambare wa mchuzi, na mchana wanafunzi wakapima ule mto uliokufa kwa kamba na hatua, wakauliza kila nyumba ilichotea wapi maji zamani. Sikutoa mhadhara wowote. Jioni Buya alituvusha tena, na safari hii nilikaa macho wazi.

Jumapili tulirudi. Dereva alinipa kipaza sauti, nikampa Komora, akatueleza habari za bonde lile njia nzima, kutoka Garsen mpaka Malindi, nami nikaandika daftari zima.

Jumatatu nilimwandikia mkuu wa idara. Nimewahi kuandika makala ndefu, lakini hakuna maneno yaliyonitoka kwa shida kama yale matatu: mimi ndiye niliyekosea. Sifuri ikatoka, nane ikaingia, thelathini na nne ikawa arobaini na mbili. Nilichojifunza ni hiki, wala sioni aibu kukisema sasa: kabla sijamwambia mtu kwao hakuko hivyo, niende nikaone, au angalau nimwulize.

Alasiri ile ile Komora akabisha hodi ofisini. Alishukuru kwa adabu, akasema bibi yake anasalimu. Nikangoja aondoke, hakuondoka. Alikuwa ameshika karatasi yake ya mtihani.

"Madam," akasema, "swali la nne pia."

Nilivuta kiti cha pili. "Kaa," nikamwambia. "Nieleze."