Skrubu Chini ya Kiti cha Dereva

Leo kosa la gari nimelikuta palepale mwenye gari aliponiomba nisiguse.

Mnanijua, mimi ni fundi umeme wa magari hapa Katoro. Mchana kaja mzee mmoja, mnunuzi wa dhahabu, yuko na mkewe. Gari limevutwa, haliwaki, dashibodi imejaa taa utadhani ukumbi wa harusi. Kote alikopita ameambiwa kompyuta ya gari imekufa.

Nikamwambia, shikamoo mzee, hebu nipime kwanza.

Gari kama lile lina kompyuta kadhaa, na zinaongea kupitia nyaya mbili zilizosokotwa pamoja. Nikapima, nyaya zimegusana. Nikachomoa kompyuta moja baada ya nyingine, bado zimegusana. Basi kompyuta hazina kosa, kuna mahali nyaya zimeumia.

Nikazifuata mpaka kwenye kapeti, chini ya kiti cha dereva.

"Hapo acha, fundi," mzee akasema.

Niache, mimi? Nikafunua.

Skrubu imezitoboa zote mbili. Na skrubu yenyewe imeshikilia kisanduku cha chuma chenye kufuli.

Mama akainama, akakitazama.

"Baba Kulwa, hiki nini?"

"Cha kazi hicho, Mama Kulwa."

"Kazi ipi nisiyoijua?"

Mimi kichwa chini, nafungua skrubu, naunga nyaya. Nikawasha mara moja tu. Gari likaitika, taa zote zikazimika.

Jamani, leo acheni nijisifu. Ila semeni ukweli, ungekuwa wewe ungefunua?

Maana kompyuta zote sasa zinaongea. Wenye gari wameondoka hawasemezani.