Siku ya Jirani

Mume wangu alipoichoka kazi ya reli kule Same, tulipanda milimani Suji kutazama nyumba. Enzi hizo za Mwingereza nyumba ya bati haikuwa jambo dogo, na hii ilikuwa na bati, migomba, na mfereji umejaa pomoni nyuma ya jiko. Same nilikuwa nimebeba debe hadi utosi ukapukutika nywele, na sasa nilikuwa na mimba. Mume wangu alitia mkono majini akacheka peke yake. Mimi na mdomo wangu nikauliza maji yanatoka wapi.

"Yanatoka juu," akasema mwenye nyumba.

Hata mvua inatoka juu. Nikasingizia haja, nikaufuata mfereji hadi kwenye ndiva, lile bwawa la udongo linalozibuliwa kwa zamu. Mzee mlinzi alikuwa ukingoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

Nikamweleza nyumba tuliyokuja kutazama. Akaguna. "Leo ni siku ya jirani yake. Yeye hana siku ya maji. Kwenye msaragambo, kazi yetu ya pamoja ya kuzoa tope, haleti jembe, tukamwondoa. Na siku zote zimeshagawanywa."

Kumbe tuliitwa siku ya jirani makusudi! Nilishuka nimefura. Mume wangu alinuna, lakini tukanunua kibanda cha nyasi ng'ambo ya njia, chenye zamu yake.

Miezi michache baadaye wakaja mke na mume kutoka tambarare kuitazama ile ya bati. Mfereji ulikuwa umejaa tena. Mke alisimama palepale niliposimama mimi, mtoto mgongoni, akanisalimu kwa furaha. Nikaitikia, nikainamia jembe langu. Nilikuwa mgeni pale, sikutaka kuitwa mchonganishi. Hiyo ndiyo sababu, na naionea aibu mpaka leo.

Wakanunua. Kiangazi kilipokaza, maji yakawa yanapita kwao mara moja tu kwa wiki, siku ya jirani, na siku nyingine yule mke anateremka mtoni na mtungi. Asubuhi moja, siku ya zamu yangu, akaja kuomba maji. Nikamjazia.

"Dada," akasema, "siku ile tulipokuja kutazama, ulikuwa unajua?"

Nikamwambia sikujua.

Akanishukuru kwa maji, akajitwisha mtungi, akaenda.